Nyumbu Waliopona kwa Chanjo ya Ng'ombe

Mwaka 2011 dunia ilitangaziwa kwamba sotoka imetokomezwa. Ni ugonjwa wa pili katika historia kufutwa kabisa na binadamu kwa makusudi, baada ya ndui iliyotangazwa kuisha mwaka 1980. Habari ya ndui ilishangiliwa kila mahali. Ya sotoka ilipita kimya kimya. Ndui iliua watu, sotoka iliua ng'ombe, na ng'ombe hawana magazeti.

Nimekuwa nikisoma mambo ya mazingira kwa miaka mingi, si kwa ajira bali kwa ubishi tu. Mtu akiniomba kisa kimoja cha kumwonyesha jinsi maisha ya watu na maisha ya pori yalivyosukwa pamoja, simpi barafu inayoyeyuka wala dubu mweupe anayeelea. Nampa sotoka. Ndani yake mna meli, jeshi, njaa, sindano, moto, na mwisho kabisa hewa ukaa.

Virusi vyake viliingia Pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880, Waitalia walipokuwa wanajikita Eritrea. Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba vilishuka melini pamoja na ng'ombe walioletwa kwa ajili ya jeshi. Ng'ombe waliovipokea hawakuwa na kinga yoyote. Ethiopia ilipigwa kwanza. Maksai wa kulimia walikufa, mashamba yakabaki bila kutifuliwa, ukame ukaongezeka juu yake, ikaja njaa ya 1888 hadi 1892 ambayo makadirio yanayotajwa mara nyingi yanasema iliondoka na theluthi ya watu. Kufikia 1891 sotoka ilikuwa imeshapita Umasaini. Mwaka 1896 ilivuka Zambezi, ikaendelea hadi kusini mwa bara. Ilikopita, ng'ombe wanane au tisa katika kila kumi walianguka, na nyati, nyumbu, pofu na twiga wakaanguka nao. Oscar Baumann, mpelelezi kutoka Austria aliyepita Ngorongoro mwaka 1892, alikuta watu waliobaki mifupa na ngozi. Wamaasai wenyewe wanakiita kipindi hicho Emutai, yaani maangamizi.

Sasa tazama ardhi ilivyoitikia. Ng'ombe na mbuzi wanaokula, na watu wanaochoma nyasi kwa wakati wake na kukata kuni, huvizuia vichaka visisimame. Walipoondoka, vichaka vilisimama. Kichaka ni kivuli, na kivuli ndimo anamoishi mbung'o. Wanyamapori waliosalimika walizaana upya haraka kuliko ng'ombe, kwa hiyo mbung'o akapata nyumba na damu ya kunywa kwa mpigo. Mfugaji aliyejaribu kurudi na ng'ombe wachache aliobakiza alikuta nagana, ugonjwa wa mifugo unaoenezwa na mbung'o, inamsubiri. Kwenye mwambao wa Ziwa Victoria malale yalizuka mwanzoni mwa karne ya 20, na Uganda peke yake ilipoteza zaidi ya watu 200,000. Utawala wa kikoloni ukawaamuru walionusurika wahame ufukweni. Wanahistoria bado wanavutana kuhusu kiasi ambacho sotoka ilichangia malale yale ya ziwani. Kwa nyika za ndani hawavutani sana.

Kwa hiyo wageni waliofika miaka ile walikuta nchi pana yenye wanyama wengi na watu wachache, wakaandika kwamba ndivyo ilivyokuwa tangu kuumbwa kwa dunia. Picha ile ya mgunga mmoja na jua linalozama nyuma yake, ambayo hadi leo inauza safari za kitalii, kwa kweli inaonyesha nchi iliyotoka msibani. Serengeti ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na mwaka 1959 wafugaji wa Kimaasai waliokuwa ndani yake wakahamishiwa Ngorongoro, kwa hoja kwamba pori halina budi kuachwa kama lilivyo. Kama lilivyo lini? Swali hili linanikera, na nitalirudia.

Mwisho wa kisa ndio unaonifurahisha zaidi. Kwenye miaka ya 1950 na 1960 ng'ombe wa maeneo yanayoizunguka Serengeti walichanjwa kwa wingi dhidi ya sotoka. Chanjo iliyokuja kutegemewa kote ilitengenezwa Muguga, Kenya, na Walter Plowright pamoja na wenzake. Lengo lilikuwa ng'ombe; hakuna aliyemkimbiza nyumbu na bomba la sindano. Imani ya wakati ule ilikuwa kwamba wanyamapori ndio hazina ya ugonjwa, na kwamba sotoka itaendelea kujificha humo hata ng'ombe wakipona. Ikawa kinyume. Ng'ombe walipopona, sotoka ikatoweka kwa nyumbu wenyewe mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kumbe miaka yote ile ng'ombe ndio waliokuwa wakiwaambukiza nyumbu.

Mwaka 1961 nyumbu wa Serengeti walikuwa kama 250,000. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 walikuwa milioni 1.3 hivi. Nyumbu milioni moja na ushee wanakula nyasi nyingi mno, na nyasi iliyoliwa haiungui. Zamani, kiangazi kikiingia, nyasi ndefu zilizokauka zilikuwa kuni tupu: moto ukiwashwa upande mmoja unakwenda mpaka ukutane na mto. Mche wa mgunga wenye urefu wa magoti hauwezi kuuhimili moto wa namna hiyo. Unaungua, unachipua tena kutoka kwenye mzizi, unaungua mwaka unaofuata, na kwa mtindo huo unaweza kukaa miaka bila kupita urefu wa mtoto. Nyumbu walipoongezeka, eneo lililokuwa linaungua kila mwaka likapungua sana, na miche ile ikapata nafasi ya kuvuka kimo cha moto. Miti ikaongezeka. Mwaka 2009 watafiti walikokotoa hesabu yote hiyo wakakuta kwamba Serengeti, iliyokuwa inatoa kaboni nyingi hewani kuliko inavyoweka, iligeuka kuwa ghala la kaboni.

Hakuna aliyepanga hayo. Daktari wa mifugo alitaka ng'ombe wa mfugaji wapone, akapata miti bila kuiomba.

Niongeze jambo moja kabla sijaondoka kwenye sotoka, maana husahaulika. Chanjo ya Plowright ilihitaji ubaridi, na barafu haifiki kila mahali. Ngome za mwisho za ugonjwa zilikuwa sehemu zenye vita na zisizo na barabara. Baadaye ilipatikana chanjo inayovumilia joto, na waliokwenda kuitoa si madaktari wenye magari bali wafugaji waliofunzwa miongoni mwa wafugaji, watu waliojua kundi la nani liko wapi mwezi gani. Kisa cha mwisho kuthibitishwa duniani kilikuwa cha nyati wa Hifadhi ya Meru, Kenya, mwaka 2001. Nikisikia mtu anasema maarifa ya wenyeji ni pambo la kwenye ripoti, huwa namkumbusha hilo.

Maandishi ya kitaaluma juu ya mambo haya hupenda kuanza na mchoro: kisanduku kimoja kimeandikwa jamii, kingine ikolojia, katikati mishale miwili, mmoja wa kwenda na mmoja wa kurudi. Sina ugomvi na mishale. Ugomvi wangu ni na visanduku. Chanjo ya ng'ombe inakaa kisanduku gani? Moto unaowashwa na mchungaji na kuzimwa na mdomo wa nyumbu, je? Ukivifuatilia vitu kimoja kimoja unakuta karibu vyote vinakaa pale kwenye mshale, na visanduku vinabaki vitupu. Mbaya zaidi, mchoro ule unakufanya udhani sababu na matokeo viko jirani, kwamba aliyeharibu ndiye aliyesimama karibu na kilichoharibika. Kosa hilo ndilo limegharimu watu wengi zaidi kuliko ujinga wa kawaida.

Chukua tumbusi wa India. Miaka ya 1980 walikuwa makumi ya mamilioni Asia Kusini, wengi kiasi kwamba hakuna aliyejisumbua kuwahesabu. India ina ng'ombe wengi sana, na sehemu kubwa yao hawachinjwi. Wanakufa kwa uzee au maradhi, mzoga unavutwa hadi nje ya kijiji, na tumbusi wanaumaliza. Kundi likiwa kubwa, mzoga wa ng'ombe unabaki mifupa kwa muda wa chini ya saa moja. Tumbo la tumbusi lina asidi kali inayoua vijidudu vingi ambavyo vingemuua mnyama mwingine. Ilikuwa huduma ya usafi isiyo na mshahara, isiyo na idara, na kwa hiyo isiyoonekana kwenye bajeti ya mtu yeyote.

Katikati ya miaka ya 1990 walianza kutoweka. Tumbusi wa mgongo mweupe walipungua kwa asilimia 99.9 kati ya 1992 na 2007. Watu walidhani ni virusi vipya, wengine wakalaumu dawa za kuulia wadudu shambani. Kwenye miti waliyolala ndege walionekana wameinamisha shingo kwa siku kadhaa, kisha wanaanguka. Waliopasuliwa walikutwa na figo na maini yaliyopakwa unga mweupe kama chaki. Ni asidi ya yuriki, ambayo figo zilizokufa zimeshindwa kuitoa mwilini. Lindsay Oaks, daktari wa mifugo Mmarekani aliyekuwa akichunguza vifo hivyo nchini Pakistan, alitafuta virusi na sumu zote zinazojulikana akakosa. Mwishowe akageuza swali: ng'ombe hawa wanaoliwa na tumbusi, wao wanapewa nini? Jibu lilikuwa diklofenaki, dawa ya maumivu ile ile wanayomeza watu wenye viungo vinavyouma. Hataza yake, yaani haki ya kampuni moja kuitengeneza peke yake, ilipoisha bei ilishuka, na wafugaji wakaanza kuwachoma ng'ombe wao waliokuwa wakichechemea au kuugua homa. Matokeo ya Oaks yalichapishwa mwaka 2004. Hesabu zilizofuata zilionyesha kwamba haikuhitajika hata mizoga mingi: chini ya mmoja katika kila mia ukiwa na dawa hiyo, kundi zima la tumbusi linakwisha, kwa sababu mzoga mmoja unaliwa na ndege wengi na kila ndege anakula mizoga mingi mwakani.

Mizoga sasa ikaoza. Mbwa koko wakaongezeka, na mbwa ndio wanaoeneza kichaa cha mbwa. Vijidudu vikaingia kwenye maji. Waparsi wa Mumbai, ambao kwa dini yao maiti huwekwa juu ya Minara ya Ukimya ili tumbusi waile, walijikuta na maiti zisizoisha, ikabidi wafunge vioo vya kukusanya jua kusaidia kuzikausha. Mwaka 2024 wachumi wawili, Eyal Frank na Anant Sudarshan, walichapisha utafiti uliolinganisha wilaya zilizokuwa na tumbusi wengi na zile ambazo hawakuwahi kuwa wengi. Walikadiria kwamba kati ya 2000 na 2005 watu 500,000 hivi walikufa ambao wasingekufa kama tumbusi wangekuwepo. Nusu milioni, na hakuna cheti hata kimoja cha kifo kilichoandikwa tumbusi.

Nakaa sana na kisa hiki kwa sababu hakina mtu mbaya. Mfugaji alimhurumia ng'ombe wake. Kiwanda kilitengeneza dawa inayofanya kazi. Waliochunguza usalama wa dawa waliichunguza kwa ng'ombe, na kwa ng'ombe ni salama kweli. Hakukuwa na dawati popote ambalo kazi yake ni kuuliza ng'ombe huyu akifa analiwa na nani. India, Pakistan na Nepal zilipiga marufuku diklofenaki ya mifugo mwaka 2006, na ikapatikana dawa mbadala, meloksikamu, isiyowadhuru ndege. Kupungua kukatulia. Kurudi ni suala jingine: jike la tumbusi hutaga yai moja tu kwa mwaka, na huanza kuzaa akiwa ameshafikisha miaka kadhaa. Mwaka 2023 India ikapiga marufuku dawa mbili zaidi za aina hiyo, miaka 17 baada ya ile ya kwanza.

Kwenye visa vingine mtu mbaya huwa yupo tayari kabla ya uchunguzi kuanza. Ukame ulioishika Saheli, ukanda mkavu ulio kusini mwa Sahara, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 uliua watu kwa maelfu na mifugo isiyohesabika. Mwaka 1975 Jule Charney, mmoja wa wataalamu wakubwa wa hali ya hewa wa karne iliyopita, alitoa nadharia nadhifu: mifugo imemaliza uoto, ardhi tupu inaakisi zaidi mwanga wa jua, hewa ya juu yake inakosa joto la kuinuka, mvua inakata. Mfugaji, kwa maneno mengine, amejinyima mvua mwenyewe. Haikuwa nadharia ya kijinga. Fizikia yake ni sahihi, na athari hiyo ipo. Lakini ilifika mahali palipokuwa pamelimwa tayari. Watawala walishaamini kwamba mtu wa kuhamahama ni tatizo, na sasa sayansi ilikuwa inawaitikia kwa kichwa. Mkutano mkubwa wa Umoja wa Mataifa juu ya kuenea kwa jangwa ulifanyika Nairobi mwaka 1977, na miradi iliyofuata kwa miaka mingi ililenga kupunguza mifugo, kuweka mipaka, kuwafanya wafugaji watulie sehemu moja.

Mwaka 2003 Alessandra Giannini na wenzake walionyesha kwamba ukiipa kompyuta joto la uso wa bahari tu, bila kuiambia chochote kuhusu mbuzi, inatoa ukame wa Saheli karibu jinsi ulivyotokea. Bahari ya Hindi ilikuwa imepata joto, na Atlantiki ya kaskazini ilikuwa baridi kuliko ya kusini, kwa hiyo mkanda wa mvua ukashindwa kupanda hadi Saheli. Kwa nini Atlantiki ya kaskazini ilipoa? Miongoni mwa sababu zinazotajwa ni moshi wa salfa kutoka viwanda na mitambo ya umeme ya Ulaya na Amerika Kaskazini, uliokuwa ukizuia jua juu ya bahari hiyo. Nchi hizo zilipoanza kusafisha hewa yao kwa ajili ya mapafu ya watu wao, moshi ukapungua, na mvua za Saheli zikarudi kwa kiasi. Mchungaji aliyehubiriwa kwa miaka 30 kuhusu mbuzi wake alikuwa amesimama chini ya kivuli cha bomba la moshi lililoko maelfu ya kilomita kaskazini. Sijaona popote alipoombwa radhi.

Simaanishi kwamba anayeishi kwenye ardhi hana mkono. Anao, na Niger imeonyesha mkono huo unavyofanya kazi ukifunguliwa. Sheria za misitu zilizorithiwa kutoka Ufaransa ziliufanya mti kuwa mali ya serikali hata ukiwa katikati ya shamba lako. Ukiukata bila kibali unatozwa faini. Ukiulea, umelea mali ya mwingine. Mkulima mwenye akili atafanya nini? Ataing'oa miche ikingali midogo, kabla haijawa kesi. Wakati huo huo wafadhili walipanda mamilioni ya miche ya kitalu ambayo mingi ilikufa. Katika miaka ya 1980 Tony Rinaudo, mtaalamu wa kilimo kutoka Australia, aligundua kwamba vijiti vilivyotapakaa mashambani havikuwa magugu. Ni machipukizi ya visiki hai vya misitu iliyokatwa, yenye mizizi mirefu chini tayari. Kinachotakiwa ni kuchagua machipukizi machache yenye nguvu, kuyapogolea, na kuacha mengine yaende kuni. Hakuna kitalu, hakuna kumwagilia. Utawala wa misitu ulipolegea, na baadaye sheria zenyewe zilipobadilika, wakulima walianza kuiona miti kuwa yao, na mbinu hiyo ikaenea kutoka shamba hadi shamba bila mradi kuisukuma. Picha za setilaiti zilikuja kuonyesha takriban hekta milioni 5 zilizorudiwa na miti. Sehemu kubwa ya dunia ilikuwa haijui kwamba jambo hilo limetokea, kwa kuwa hapakuwa na ubao wa mfadhili wa kupigia picha.

Burkina Faso, mkulima Yacouba Sawadogo alifanya kitu cha ukoo huo huo. Alichimba mashimo madogo ya kupandia, yaitwayo zaï, kabla ya mvua, kwenye ardhi ngumu kama sakafu, akaweka samadi kila shimo. Samadi inaita mchwa, mchwa wanatoboa udongo, maji yanapata njia ya kuingia. Mwanzoni majirani walimwona mwendawazimu, na kuna waliomchomea msitu wake. Mwaka 2018 alipewa tuzo ya Right Livelihood. Alifariki mwaka 2023.

Kuna mjadala wa muda mrefu nyuma ya haya yote. Mwaka 1968 mwanabiolojia Mmarekani Garrett Hardin aliandika kwamba malisho ya pamoja lazima yaishe, kwa kuwa kila mchungaji ataongeza mnyama mmoja zaidi, na tiba ni mbili tu: serikali au hati miliki. Malisho aliyojengea hoja yake yalikuwa ya kufikirika. Alimbuni mchungaji asiyeongea na jirani yake. Elinor Ostrom alikwenda kutafuta wachungaji wa kweli. Katika utafiti wa mwanaanthropolojia Robert Netting kuhusu kijiji cha Törbel, Uswisi, alikuta kanuni ya mwaka 1517 isemayo kwamba hakuna atakayepeleka mlimani ng'ombe wengi kuliko anaoweza kuwalisha wakati wa baridi. Kanuni ya mstari mmoja, iliyotungwa na wenye malisho wenyewe, na imelinda mlima kwa karne kadhaa. Ostrom alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, mwanamke wa kwanza kuipata.

Namwamini Ostrom. Ila kanuni ya Törbel ilifanya kazi kwa sababu kila mtu alimwona mwenzake akipanda mlima, na angeweza kumhesabia ng'ombe. Hewa haina lango la namna hiyo. Mwanasayansi Charles Keeling alipoanza kupima hewa ukaa juu ya mlima Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, ilikuwa sehemu 315 hivi katika kila milioni. Sasa imepita 420. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 uliokoa tabaka la ozoni kwa sababu gesi zilizoliharibu zilitengenezwa na makampuni machache, na mbadala ulipatikana; ni mfano mzuri usiohamishika kirahisi kwenda kwa kitu kinachotoka katika kila jiko, kila gari na kila tanuri la saruji.

Na hewa hiyo inaingia popote, hata ndani ya hifadhi. Hewa ukaa ikizidi, miti inanufaika kuliko nyasi za nchi za joto, kwa hiyo mbuga nyingi za Afrika zinajaa vichaka hata pale ambapo mvua, moto na wanyama havikubadilika sana. Weka uzio, fukuza kila mtu, zuia kila ng'ombe: mbuga bado itageuka, kwa mkono wa watu ambao hawajawahi kuiona.

Ndiyo maana nilisema nitalirudia swali la lini. Mwaka 2022 nchi za dunia zilikubaliana, katika mkutano uliofanyika Montreal, kwamba ifikapo 2030 asilimia 30 ya ardhi na bahari iwe chini ya hifadhi, na asilimia 30 ya maeneo yaliyoharibika yawe yanarejeshwa. Yarejeshwe wapi? Serengeti ya 1880 ilikuwa na ng'ombe wengi. Ya 1892 ilikuwa na maiti. Ya 1961 ilikuwa na nyumbu wagonjwa na moto kila upande. Ya 1977 ilikuwa zao la sindano. Ukichagua mwaka mmoja na kuuita asili umeshaamua nani anahesabiwa kuwa sehemu ya mandhari na nani ni mvamizi. Mwaka huo huo wa 2022 serikali ya Tanzania ilianza kuwahamisha watu kutoka Ngorongoro kwenda kijiji cha Msomera, Handeni. Inasema wanahama kwa hiari, na kwamba wakazi waliokuwa kama 8,000 mwaka 1959 wamepita 100,000. Wakazi wengi na mashirika ya haki za binadamu wanaikana hiyo hiari. Ongezeko hilo ni la kweli na lina uzito. Lakini kuutumia mwaka 1959 kama kipimo, bila kutaja kwamba sehemu ya waliohesabiwa siku ile walikuwa wametoka tu kuondolewa Serengeti, ni kuanza hesabu katikati ya sentensi.

Wapo waliojaribu kuuacha mwaka kabisa. Wasimamizi wa Hifadhi ya Taifa ya Kruger, Afrika Kusini, tangu miaka ya 1990 wanatumia vizingiti: miti mikubwa ikipungua hadi hapa, moto ukizidi pale, kikao kinaitwa na uamuzi unafikiriwa upya. Hawasemi hali sahihi ni ipi. Wanasema hali zipi hawazitaki. Kwangu huo ni uungwana zaidi kuliko kujifanya unajua dunia ilikuwaje siku ya kwanza.

Tatizo la nani aketi kwenye kikao hicho halimalizwi na vizingiti. Watu wa Makuleke waliondolewa kwa nguvu kaskazini mwa Kruger mwaka 1969. Mwaka 1998 walirudishiwa ardhi yao, zaidi ya hekta 20,000, kwa njia ya sheria ya kudai ardhi. Wengi walihofu kwamba wangeyafuta mapori na kulima. Waliamua iendelee kuwa hifadhi, wakawa wanaisimamia pamoja na mamlaka ya hifadhi za taifa na kupata mapato ya utalii. Makubaliano hayohayo yanasema ardhi hiyo haitalimwa, haitachimbwa madini, wala haitajengwa makazi yao. Hati ni yao, kikaoni wamo, na nyumba zao ziko nje ya mpaka.